Tupeane uzoefu: maneno ya kusifia nomino kwenye Kiingereza, wewe yalikukwamisha wapi?

#1
Naanza mimi. Nilikua weita hoteli moja huko pwani, mgeni akaniambia "a wine glass, please", mi nikampelekea mvinyo umejaa kumbe chupa anayo mezani anataka glasi tupu. Ikakatwa kwenye mshahara wangu, iliniuma sana. Supavaiza ndo akanielewesha, neno la mwisho ndo kitu chenyewe, la mbele linasema ni cha aina gani. Sisi tunasema glasi ya mvinyo kwa zote mbili ndo maana sikushtuka. Siku hizi naanzia mwisho, "bus station" ni stendi, "school bus" ni basi. Haya wengine.

#2
Mi nafundisha darasa la 5. "A car red" naiona kila siku na siwalaumu watoto, gari jekundu ndo walilozaliwa nalo. Nilikua nawaambia geuzeni tu, ikasaidia mpaka siku ya "magari mawili makubwa mekundu", wakageuza ikaja "red big two cars". Saivi wanakariri idadi, ukubwa, umri, rangi, malighafi, alafu nomino.

#3
Kwangu ilikua tangazo gesti, mgeni kapoteza mkoba, nikaandika "a bag of a guest made of leather". Kwa Kiswahili "mkoba wa mgeni uliotengenezwa kwa ngozi" haina shida kabisa maana ile u- inakurudisha kwenye mkoba, angekua mgeni ungesikia "aliyetengenezwa". Kiingereza hakina ngeli za kukuokoa jamani, maelezo yanadandia jina lililo jirani, yani yule mgeni ndo akawa wa ngozi. Nikabadilisha, "a guest's leather bag", maneno machache na hakuna wa kukosea.

#4
#3 ubarikiwe, hiyo ya ngeli hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Mi nilikua napoteza maksi kwenye "a ten years old boy", kumbe ikikaa mbele ya nomino ile s inaondoka, "a ten-year-old boy", ila "he is ten years old" inabaki. Sasa mbona "something new" sifa imekaa nyuma kama kwetu?

#1
#4 "something, anything, nobody" zote ziko ivo, sifa inafuata. Na vyeo vingine vya zamani pia, "Attorney General" nomino ni "Attorney", ndo maana wakiwa wengi ni "Attorneys General".