Mnaodai reli ya Nachingwea irudishwe, stesheni ya mwisho mmeifikiria?

Wakuu, mnachosha! Msimu wa korosho ukifunguliwa tu, uzi ni uleule: "Reli ya Kusini irudi, tuta lake la udongo bado lipo."

Reli ile, ya kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, ililetwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa 1951, na Nachingwea ikabaki mwisho wa reli usio na mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mabehewa yalikosa cha kubeba, basi.

Hilo tuta mnaloimba ni la geji (upana kati ya vyuma viwili) ya mita 1. Taruma lake, yaani kile kipande kinacholazwa chini ya vyuma, halizidi sana mita 2; la SGR, reli ya kisasa ya geji pana, ni kama mita 2.6. Litanuliwe, lishindiliwe upya, makalavati yabadilishwe, kona kali zinyooshwe. Bado mnasema lipo?

Turudi stesheni, maana ndiko mnakoruka kila siku. Treni ikifika mwisho wa reli, kichwa kimeelekea ukutani. Kinakatwa, kinapita njia ya pembeni, kinakuja kushika mkia. Mabehewa 20 ya mita 14 ni mita 280, bado kichwa chenyewe. Njia ya pembeni ikiwa ya mita 200 (na mbana matumizi lazima ataifupisha!) treni inakatwa vipande na kila kipande kinasogezwa peke yake.

Halafu kupakia. Gunia la korosho tuseme kilo 80. Behewa la tani 40 linameza 500, treni nzima 10,000. Ghala la chama cha msingi (ushirika wa wakulima) likiwa mbali na reli, gunia linapandishwa lori, linashushwa stesheni, linapandishwa behewa. Mara tatu, na kuli anadai kila mara. Lori likishapakiwa, nani mwenye akili atalishusha stesheni ya Masasi wakati barabara ya Mtwara iko mbele yake? Reli iingie hadi mlangoni mwa ghala, sakafu ya ghala iwe usawa wa sakafu ya behewa. Na paa! Minada inaanza Oktoba, Desemba mvua imeshafika. Korosho ikilowa inashika ukungu, inashuka daraja, halafu mkulima ndiye anayekatwa bei.

Mabehewa ya kupanda kutoka Mtwara nayo yabebe nini? Salfa ya mikorosho (dawa ya ukungu) inahitajika kabla ya maua, miezi ya katikati ya mwaka, wakati korosho za kushusha hazipo. Kwa hiyo msimu mmoja unapanda na mzigo unashuka mtupu, mwingine kinyume chake. Saruji ya Mtwara ingeziba pengo, lakini saruji nayo inataka ghala kavu lake, isichanganywe na salfa wala korosho.

Atakayefungua uzi mwingine wa "reli irudi" aje na mchoro: ghala liko upande gani wa reli, njia ya pembeni ina mita ngapi, na Machi behewa linabeba nini.