Naomba ushauri: paka ninaowalisha na sili wa Hawaii

Habari zenu wakuu. Niko Oahu, Hawaii, mwaka wa tatu sasa. Kila jioni huwapa paka wa mtaani mabaki ya samaki nyuma ya jengo letu, wako sita (yule wa rangi ya chungwa keshajifanya wangu). Juzi jirani, mama mtu mzima, akanisimamisha: paka wako wanaua sili wetu (wale mamalia wa baharini). Nilidhani ananitania. Kumbe mayai ya kimelea cha toksoplazma hutoka kwenye kinyesi cha jamii ya paka tu, mvua ikinyesha yanasombwa hadi baharini na kuwaambukiza sili, wengine hufa, na sili hao wamebaki kama 1,600 dunia nzima. Tangu 2016 wanachanjwa dhidi ya kirusi cha jamii ya surua, lakini chanjo ya toksoplazma hawana.

Sasa nifanyeje? Nikiacha ghafla, watatawanyika wakajisaidie kwingine. Kuwafunga uzazi hakuzuii kinyesi. Mmoja naweza kumfuga ndani, mwenye nyumba akikubali. Hao watano je? Mliowahi kuwatafutia paka wa mtaani makao, mlianzia wapi? Halafu mke wangu ana mimba ya miezi minne, na kimelea hicho hicho ni hatari kwa mjamzito.