Grupu la wafugaji kuku Dar limekatwa vipande vitano, nani alituuliza?

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba uzi usiunganishwe, nina hasira na nataka nisomwe.

Mnaofuga kuku Dar mnajua tulikuwa na grupu letu moja la WhatsApp. Watu wa Goba, Kinyerezi, Chanika, Kigamboni, wote humo. Makelele yalikuwepo, sikatai: asubuhi picha za maua, mchana trei za mayai, usiku Simba na Yanga. Ila ukiuliza kitu cha maana unajibiwa. Wiki iliyopita maadmini wameamka wakaligawa: Nyama, Mayai, Kienyeji, Chotara na Soko. La zamani limefungwa, anaandika admini peke yake. Eti watu tumezidi. Tumezidi wapi? WhatsApp tangu 2022 inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja, sisi hata nusu hatufiki!

Mimi nafuga wa mayai, nina kienyeji wachache wanaojitafutia nje, na kuelekea Krismasi naingiza wa nyama. Nikae wapi? Nimemuuliza admini, kanijibu "chagua moja mzee, ukitaka la pili uombe". Niombe! Grupu nililochangia mpaka rambirambi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Juzi usiku mama mmoja wa Chanika karusha video kwenye Kienyeji. Kuku kapinda shingo, anazunguka palepale, mharo wa kijani. Aliyewahi kuzika banda zima hahitaji kuambiwa, hicho ni kideri. Majibu aliyopata: pole dada, jaribu shubiri, jaribu kitunguu swaumu, na mjuaji mmoja akamwandikia antibaiotiki. Jamani, kideri ni ugonjwa wa kirusi, antibaiotiki haikigusi, tiba hakina. Unatenga wagonjwa, unachoma au kufukia mizoga, huuzi hata mmoja, unawaambia majirani mapema. Na kabla ya yote hayo ni chanjo, lile tone moja la jichoni kila miezi mitatu ambalo tumeliimba grupuni mpaka tukachokwa. Mzee wetu ambaye angemweleza haya kwa dakika mbili kaswekwa kwenye Mayai. Video kaiona kesho yake, baada ya mtu kumfowadia. Wakati huo mama alishapakia waliobaki, safari ya soko la kuku la Shekilango.

Mnaelewa maana yake? Matenga yakishusha kienyeji sokoni yanarudi mabandani kuchukua broila, yaani kuku wa nyama, kinyesi kimegandia humohumo. Kwa hiyo mtu wa Nyama anauguliwa na kuku kwa ugonjwa uliojadiliwa kwenye Kienyeji, na hakuwa na habari. Gumboro nayo, ugonjwa mwingine, inafyeka vifaranga wa nyama na wa mayai vilevile, tuijadili kwenye magrupu mangapi?

Hata hizo kelele hazijapungua. Muuza vifaranga aliyekuwa anabandika tangazo mara moja sasa analimwaga kote, na kama uko kwenye magrupu matatu unalipakua mara tatu kwa bando lako. (Maadmini wawili wanauza vifaranga. Chotara. Sisemi zaidi.)

Soko libaki, hilo nawapa. Wauzaji wakauziane huko. Mengine manne yavunjwe, tufunguliwe la zamani, na maswali yote ya magonjwa, chanjo na chakula yarudi sehemu moja. Mnaosema mtu wa kienyeji anachoshwa na hesabu za chakula cha broila, anza ujumbe wako na neno BROILA kwa herufi kubwa, asiyehusika apite zake. Hilo linahitaji grupu jipya?

Maadmini najua mnapita humu. Msinifuate PM kunibembeleza, jibuni hapahapa watu wasome.