Sindano za kukomaza mapafu nilizochomwa katika wiki ya 31: je, zitamwathiri mwanangu ukubwani?

Mama Njiti

Habari zenu, ndugu zangu. Mwanangu ametimiza miaka minne mwezi uliopita. Nilimzaa nikiwa na ujauzito wa wiki 31, kwa sababu presha ilipanda hadi 170/115, mkojo ukaonekana na protini, na madaktari wakahofia kwamba ningeingia kwenye kifafa cha mimba. Kabla ya upasuaji nilipewa methildopa ya kushusha presha, magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa, na sindano nne za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo muuguzi aliziandika moja moja kwenye kadi yangu ya kliniki: saa 2 usiku, saa 2 asubuhi, kisha tena saa 2 usiku na saa 2 asubuhi. Mtoto alizaliwa na kilo 1.3, nikambeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu mpaka tuliporuhusiwa kwenda nyumbani. Leo anakimbia na kuimba kutwa nzima. Hata hivyo, ndugu yangu mmoja ameniambia kwamba sindano hizo za mapafu ni steroidi, yaani dawa za jamii ya homoni, na kwamba madhara yake hujitokeza mtu akishakuwa mkubwa, hasa presha na kisukari. Tangu siku hiyo silali vizuri. Naomba mwenye ujuzi anieleze ukweli.

Mkunga Mstaafu

Pole, mwanangu, na hongera kwa kumlea njiti hadi hapo alipofika. Sindano hizo zina historia ndefu. Huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo kwa kuwapa steroidi wanakondoo walio tumboni, akashangaa kuona wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati wakipumua, ilhali kwa umri wao mapafu hayakupaswa kuwa tayari. Yeye na Ross Howie wakaanza utafiti kwa wajawazito mwaka 1969, wakitumia betamethasoni, ambayo ni jamaa ya karibu ya deksamethasoni, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972.

Wale watoto wamefuatiliwa hadi utu uzima. Walipofikisha miaka 30, presha na mafuta ya damu havikutofautiana na vya wenzao ambao mama zao hawakupata dawa. Tofauti iliyoonekana ni kwamba miili yao ilitoa insulini nyingi kidogo baada ya kunywa glukosi, lakini kisukari chenyewe hakikuongezeka. Walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka 50, hawakuonekana kuwa na presha wala kisukari zaidi ya wenzao.

Kuhusu deksamethasoni yenyewe, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, ambao Kenya ilishiriki, ulihusisha wajawazito 2,852 waliokaribia kujifungua kati ya wiki ya 26 na ya 33. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa, na asilimia 23.5 kwa ambao hawakupata.

Mfamasia wa Wodi

Nakubaliana na mkunga, ila hofu ya ndugu yako nisingeipuuza moja kwa moja, kwa kuwa yapo mambo yaliyotufundisha kuwa waangalifu. Dawa iitwayo DES, ambayo ni homoni ya kutengenezwa, ilitolewa kwa wanawake wengi nchini Marekani kwa lengo la kuzuia mimba isiharibike, na hata baada ya utafiti wa mwaka 1953 kuonyesha kwamba haisaidii, iliendelea kutolewa. Mwaka 1971 ndipo madaktari wa Boston walipoihusisha na saratani adimu ya uke kwa mabinti waliozaliwa na wanawake hao. Ndiyo maana kila dawa ya ujauzito huulizwa peke yake: ni ipi, kwa kiasi gani, na katika wiki ya ngapi. Methildopa uliyopewa imefuatiliwa kwa watoto hadi umri wa miaka saba na nusu bila kuonyesha madhara, ilhali kaptopili, ambayo nayo ni dawa ya presha, huweza kuharibu figo za mtoto tumboni, na mjamzito haandikiwi.

Kwa deksamethasoni, mashaka yanawahusu zaidi wanaochomwa kisha wakajifungua mimba ikiwa imetimia. Nchini Finland, uchunguzi wa watoto zaidi ya 670,000 ulionyesha matatizo ya akili na tabia kuwa mengi kiasi katika kundi hilo. Mtoto wako hayumo humo. Yeye alizihitaji kweli.

Jambo ambalo ningelitazama ni kuzaliwa kwake akiwa njiti na presha uliyokuwa nayo wewe, kwa kuwa hayo mawili, hata pasipo dawa yoyote, huongeza uwezekano wa presha kupanda ukubwani. Mwombe daktari wa watoto ampime presha kwa mkanda wa saizi ya mkono wake.

Mama Njiti

Asanteni sana. Kadi nimeitoa kwenye sanduku usiku huu. Wino wa saa ya sindano ya tatu umefifia, lakini zile nyingine zinasomeka, na nimezipiga picha zote. Jumatatu nampeleka kupimwa.