Kope na shingo vinavimba kila nikiwa karakana, naombeni ushauri

Fundi_Sakina:
Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala hapa Arusha, karakana yetu iko Unga Limited. Tangu tupate oda kubwa za mpingo na mvule, uso unaniwasha si mchezo. Naamka kope zimevimba hadi macho hayafunguki vizuri, shingo imekakamaa kama gamba la mti, kwenye mikunjo ya viwiko ndo kumechubuka kabisa. Nilienda Rombo msibani, ngozi ikatulia. Kurudi kazini tu, yale yale. Zahanati walinipa dawa ya fangasi, wapi. Tajiri anasema mbona wenzangu wazima. Na mbao nashika kwa mikono, sasa uso umeingiaje?

Kipepeo77:
Pole mkuu. Tafuta krimu yenye clobetasol duka la dawa, inakausha fasta.

Nesi_Mstaafu:
Kipepeo, usimponze mwenzio. Ile ni kali mno kwa uso, na karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho.
Fundi, uso umeingiwa na vumbi linalopepea. Kope ni ngozi nyembamba, ndiyo maana zinaanza. Chukua kioo uangalie nyuma ya masikio na chini ya kidevu. Jua likikuunguza, sehemu hizo kwa kawaida husalimika. Vumbi halina habari na kivuli, linakaa humo humo na jasho. Na hoja ya tajiri haina mashiko: hii ni aleji, mmoja anaweza kufanya kazi miaka bila shida, siku mwili ukishaikataa hiyo mbao, hata vumbi kidogo linamtosha. Wenzake wasiguswe kabisa.

Mzee_wa_Randa:
Mvule na mpingo zinajulikana kwa hilo. Mimi niko Moshi, mninga naranda mchana kutwa sisikii kitu, lakini mvule nikipiga msasa naondoka na macho mekundu. Swali, kijana: jioni mnajipuliza nguo kwa kompresa?

Fundi_Sakina:
Ndiyo mzee, wote. Na nyuma ya masikio ndo kunawasha kuliko.

Mzee_wa_Randa:
Acheni. Mnalirushia usoni. Msifagie pakavu pia, nyunyizeni maji kwanza. Badili nguo hapo hapo kazini, na usinawe kwa thina hata kama umeshika vanishi. Barakoa vaa kwa ajili ya mapafu, ila kope haizikingi. Dawa yenyewe ni mashine ya kunyonya vumbi pale kwenye msumeno.

Binti_Meru:
Msihukumu mbao mapema. Kuna gugu karoti hapo jirani? Lilibainika Arusha mwaka 2010, na chembe zake zikipeperuka hufanya uso hivyo hivyo.

Fundi_Sakina:
Lipo, dada, ila limejaa zaidi mtaani kwetu kuliko kazini. Nikishinda nyumbani napata nafuu.

Binti_Meru:
Basi mbao inazidi kushukiwa, au vanishi na gundi. Omba barua ya rufaa uende KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, pale kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992. Ulizia kipimo cha aleji cha kubandika viraka mgongoni. Vinakaa saa 48, vinatolewa, halafu unarudi tena kusomwa, kwa hiyo panga pa kulala Moshi.

Wakili_Mtaani:
Daktari akiandika kuwa ugonjwa umetokana na kazi, mpe tajiri taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) anachangia mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Taarifa ifike ndani ya miezi 12, usizubae. Na vifaa vya kinga ni juu yake, Sheria ya Usalama na Afya ya 2003 iko wazi.

Fundi_Sakina:
Asanteni sana. Jumatatu nafuata barua. Nibebe na vumbi lenyewe?

Nesi_Mstaafu:
Beba, kila mbao na karatasi yake, andika jina juu. Gundi na vanishi piga picha lebo. Ila usijipake mwenyewe kujipima, unaweza kutoka malengelenge bure.

Mzee_wa_Randa:
Na vumbi la mvule fungasha mwingine, wewe kaa mbali.