Finalisti Biokimia: Kuagana

ALHAMISI

[06:12] Shefu Ruth: Jambo yenu wote. Mtihani umeisha, habari ya "niache nisome" imekwisha nayo. Tunaagana Jumamosi ya wiki ijayo, zimebaki siku tisa. Mahali ni hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, kwa kina Mado, kwenye parseli (kiwanja) yenye mwembe. Mchango dola 15 kila finalisti.

[06:14] Shefu Ruth: Hesabu: hema na viti 75. Sono (vyombo vya muziki) na jenereta 60. Esansi (petroli) 12. Chakula na vinywaji 190. Mpiga picha 30. Kalikó (bango la picha zetu) 30. Fetri (kalamu za wino) 8. Jumla 405. Tuko 29, tukilipa wote ni 435. Zinabaki 30 za dharura, msizitolee macho.

[06:15] Shefu Ruth: Kila mmoja anakuja na mzazi MMOJA. Si mzazi, shangazi na wadogo wanne. 58, tuongeze walimu 8, ni 66. Tunakodi viti 70.

[06:50] Shefu Ruth: Naona tiki za buluu 21. Vidole vimevunjika?

[07:55] Kabeya: 👍

[07:56] Shefu Ruth: Kabeya, kidole si dola.

[07:58] Kabeya: Hata Exetat, mtihani wa serikali, ilitupa siku nne bwana. Wewe unatupa ngapi?

[08:00] Shefu Ruth: Mpaka Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Mnatuma kwa M-Pesa, namba ya Mado, na mnaongeza pesa ya kutolea. Ukituma 15 kavu, kwenye kabini ya M-Pesa wanakata yao, mkononi inafika 14 na kitu, mara 29 ni mfuko mzima wa unga umepotea. Ukishatuma weka kaptura (picha ya skrini) hapa. "Nilimpa mkononi" sitaki kuisikia.

[08:21] Salfa: Kwa Mado juu ya nini? Mweka hazina si Trésor?

[08:22] Kabeya: Likasi 😂

[08:23] Mado: Likasi 😭😭

[08:25] Salfa: Mimi nauliza tu. Safari ya Likasi, watu 22, dola 10 kila mtu. Basi halikuja, na dola nazo hazikurudi.

[08:26] Kabeya: Trésor ni hazina isiyo na mfuniko

[08:31] Shefu Ruth: Tusianze. Kapend, eleza kalikó.

[09:10] Kapend: Kalikó ni mita 3 kwa 1.5. Tundu za chuma ziwe kwenye pembe zote nne, na nyingine mbili juu, mbili chini. Upepo wa kiangazi hiki ukikuta kalikó imefungwa pembe tu unaigeuza tanga, inachanika kabla ya hotuba.

[09:14] Kapend: Picha mlizotuma jana karibu zote hazifai. Ukituma kama picha, WhatsApp inaiminya, na kwenye mashine ya kuchapa sura inakuwa vipande vipande. Bonyeza alama ya kipini, chagua dokima (document), ndipo utafute picha yako. Angalia uzito: ikiwa chini ya megabaiti 1, rudia. Piga asubuhi, kivulini, ukuta mweupe nyuma, nawe usogee mita moja mbele ya ukuta, kivuli kisikushike masikio. Shati la masomo, limepigwa pasi. Faili iandikwe jina, postnomu (jina la pili), jina la ubatizo, kwa mpangilio wa kwenye buletini (ripoti ya shule).

[09:20] Kabeya: Na kama masikio yenyewe ndiyo kivuli?

[09:21] Mado: 😂😂 Salfa unaitwa

[09:40] Salfa: Nimeomba jina hilo libaki kwenye laboratwari.

[09:41] Kabeya: Harufu haibaki laboratwari kaka. Siku ile ilifika mpaka kwa prefe, mkuu wa shule

[12:02] Shefu Ruth: Faili zilizofika sawasawa: 4. Nne!

[12:03] *Shefu Ruth amemwongeza Mama Chantal*

[13:37] Mama Chantal: Jambo wanangu. Nimeona hesabu ya Ruth. Chakula cha 190 kinawezekana mkisikia ninachosema. Unga kilo moja inashibisha watu watano, kwa hiyo watu 70 ni kilo 14. Nunueni mfuko wa 25, ni nafuu kuliko kupimiwa vikombe sokoni, na unaobaki nitatolea uji wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Bukari (ugali) msisonge sufuria moja. Kilo 14 pamoja hakuna mkono utakaoigeuza, katikati inabaki mabuje na chini inaungua. Sufuria mbili, kilo saba saba, na ya pili ianze walimu wakishakaa, si kabla. Bukari iliyongoja hotuba haipiti kooni.

[13:41] Mama Chantal: Kuku 10, kila mmoja vipande 8, ni 80. Sombe (kisamvu) itwangwe Ijumaa, iwekwe motoni Jumamosi asubuhi mapema. Makala (makaa) gunia moja na nusu. Na makala yawekwe ndani Ijumaa usiku, umande wa mwezi wa saba unayalowesha na mtapuliza mpaka saa sita.

[13:43] Kabeya: Mama, munkoyo ni wa siku mbili au wa siku nne? 👀

[13:44] Mama Chantal: Ni wa wanafunzi.

[13:44] Mado: 😂😂😂

[13:52] Mama Chantal: Lita 40. Tunapika uji mwepesi wa mahindi, tunauacha upoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo mizizi iliyopondwa inaingia. Hapo wengi wanakosea. Mizizi ikikuta uji unachemka inakufa, uji unabaki mzito kama wa mtoto, na sukari haiuokoi. Ikifanya kazi utauona wenyewe unalegea kuwa maji. Kwa joto la mwezi wa kumi usiku mmoja unatosha. Kwa baridi hii tuanze Alhamisi, ndoo zifunikwe blanketi.

[13:55] Kabeya: Munkoyo unalala na blanketi, mimi sina

[14:30] Shefu Ruth: Aksanti sana Mama. Wengine mnasoma au mnacheka tu? Kaptura za pesa: 2. Mado na mimi.

[17:48] Mado: Na mashati? Tunasainiana lini?

[17:49] Shefu Ruth: Saa nane, kabla ya chakula. Mikono ya kuku haigusi shati la mtu.

[17:58] Mado: Basi fetri ziwe zile za kudumu. Za ubao mweupe zinatoka kwa maji ya kwanza. Biki nayo inakwaruza nyuzi, na maandishi yanafifia. Kila mtu aje na kipande cha kartoni cha kuingiza ndani ya shati, la sivyo saini ya kifuani inatokea mgongoni na mnaharibu nafasi ya watu wawili. Shati lilale mezani, msisainie mwilini, kitambaa kinavutika na herufi zinajikunja.

[18:03] Mado: Baadaye liacheni siku nzima likauke. Pasi inapita kwa ndani, bila maji. Wenye pasi ya makala, pukuteni majivu kwanza na mtandike kitambaa juu, cheche moja inatoboa tetroni. Kufua ni maji baridi, kwa mkono, na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, isikaribie. Javeli inakula wino kwanza, doa linafuata.

[18:05] Salfa: Mimi kola naiacha wazi kwa ajili ya Papa Mwalimu.

[18:06] Kabeya: Mgongo wangu nauza, dola 1 saini. Nalipia mchango 😌

IJUMAA

[07:10] Shefu Ruth: Kaptura: 6. Faili za picha: 9. Watu ni 29 jamani.

[10:15] Kapend: Kuhusu moto wa umeme: wa kampuni ya SNEL tusiuhesabu. Jenereta ya kVA 3 inabeba bafle (spika) mbili, amplifaya na taa. Kongeleta (friza) msiichomeke humo. Mota yake ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida, jenereta inakohoa na amplifaya inaweza kuondoka nayo. Vinywaji tuweke barafu kwenye mapipa, ingawa kwa baridi hii hata barafu ni ya kujionyesha. Esansi ni kama lita moja kwa saa, saa sita, tuchukue lita 8. Kuongeza ni baada ya kuzima na kungoja ipoe, hata kama wimbo wa mtu uko katikati.

[10:16] Kabeya: Wimbo wangu hauzimwi

[10:20] Shefu Ruth: Sono ni ya nani mwishoni? Yule wa komini ya Kenya au yule wa Kamalondo?

[11:02] Kabeya: Wa Kamalondo

[11:30] Salfa: Wa Kenya, ana maikrofoni mbili.

[11:31] Shefu Ruth: Pigeni kura basi.

[15:00] Shefu Ruth: Kura 3. Watu watatu!

[15:22] Kabeya: Na poda nani ananunua? Tuwapake watu kichwa kabisa, picha zitoke nyeupe

[15:23] Mado: Woiii ndiyo 🥳

[15:24] Kabeya: Makopo kumi

[21:04] Papa Mwalimu: Jambo wanafunzi. Nimesoma yote toka jana. Poda ni ya matokeo. Anayejipaka kabla jina lake halijatoka anajichekesha mwenyewe, na jirani yake aliyeanguka hatamsamehe. Jingine. Regista niliyofungua mwezi wa tisa ina majina 31. Ninyi mnachapa 29. Kalikó ya watu 29 sitasimama mbele yake.

[21:52] Shefu Ruth: Tumesikia Papa.

[21:58] Mado: Ni kweli Papa.

[22:10] Kapend: Nilipanga mistari mitatu, picha kumi kumi, nafasi ya mwisho nembo. Kwa 31 inakuwa mistari minne ya nane, ni 32. Nafasi ya 32 ni ya Papa Mwalimu, nembo ipande juu kwenye maandishi. Sura zitapungua kidogo lakini zinasomeka. Shida ni picha. Ya Dorcas na Ilunga, wale wawili waliokosekana, ninayo ile ya klasi nzima tu, nikiwakata humo ni vichwa vya ukubwa wa punje.

[22:12] Shefu Ruth: Viti 70 vinatosha. 31 na wazazi 31 na walimu 8. Ni 70 kamili.

[22:13] Salfa: Na mchango wao?

[22:14] Mado: Salfa.

[22:15] Salfa: Nauliza hesabu tu! Dorcas alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval (ada ya shule), sasa tumtoze 15 ya kuagana?

[22:16] Shefu Ruth: Hakuna aliyesema atozwe.

[22:40] Trésor: Jambo. Nimekuwa nasoma. Likasi: 220 ziliingia. 120 zilikuwa avansi ya basi, risiti ninayo, wenye basi walikataa kuirudisha. 100 zilizobaki niliwarudishia watu 10 waliokuja kudai kwanza. Majina yao na saini viko kwenye daftari.

[22:41] Kabeya: Ah. Mimi nilikuwa wa tatu 🙈

[22:42] Salfa: Yaani miezi yote hii unacheka Likasi na ulisharudishiwa???

[22:43] Kabeya: Nilikuwa nacheka na ninyi

[22:45] Salfa: Tuko 12 basi. Mimi nalipa 5, 10 yangu imo ndani tayari.

[22:46] Mado: Kama ni hivyo hata mimi. Nilishatuma 15.

[22:49] Shefu Ruth: Mkifanya hivyo wote 12 ni 120 zimetoka. Dharura yetu ni 30. Tunakula hema au tunakula kuku?

[22:50] Salfa: Muulize mweka hazina.

[22:58] Trésor: Naleta daftari kesho kwa Ruth. 120 sina.

[23:05] Papa Mwalimu: Hilo la daftari mlimalize mbele yangu, siku ya yenga (Jumapili), baada ya misa. Lisifike Jumamosi ya wazazi.

[23:06] Trésor: Sawa Papa.

JUMAMOSI

[06:30] Shefu Ruth: Nani ana namba ya Dorcas?

[06:58] Kapend: Ile ya zamani haipiti.

[07:20] Mado: Mama yake yuko sokoni Ruashi, upande wa wauza samaki wa vitoyo. Napita leo. Kapend, niambie tena, nimpige picha umbali gani?

[07:22] Kapend: Mita mbili, simu imesimama wima, uso uwe katikati. Kivulini. Usikuze kwa vidole, sogea wewe. Mpige tatu.

[07:25] Shefu Ruth: Na Ilunga?

[08:40] Salfa: Yuko Kolwezi, anachimba. Anashika mtandao usiku tu. Namtafutia.

[08:41] Salfa: Na nimetuma 15. Daftari tutaliona yenga.

[08:42] Shefu Ruth: Kaptura?

[11:17] Kabeya: Ndiyo nimeamka. Sono tulisema wa Kamalondo, si ndiyo?