Picha ya Lilanga sebuleni, mama watoto anasema ni mashetani

MtuWaKeko:
Wakuu, salaam. Mzee wetu alipofariki tuligawana vitu, mimi nikaangukiwa na picha. Imechorwa kwenye hadibodi, kama futi mbili kwa mbili, chini pembeni imeandikwa "Lilanga". Imejaa viumbe: masikio makubwa, midomo imening'inia, matumbo mbele, rangi zinawaka. Nimeitundika juu ya runinga. Mama watoto kaigeuza ikatazama ukuta. Anasema ni mashetani, na mtoto wetu wa mwisho ameanza kuweweseka usiku. Jumapili mchungaji anakuja kuombea nyumba, nimeambiwa akute imeshatoka. Huyu Lilanga ni nani? Na ni kweli alikuwa akichora mashetani?

MjukuuWaNewala:
Pole mkuu. Ni kweli, ni mashetani, na si siri. Ila nisikilize kwanza, maana mimi nimekulia kwenye vumbi la mpingo.

George Lilanga ni Mmakonde, kazaliwa kusini 1934, kafariki Juni 2005. Alianza na kuchonga, rangi zilikuja baadaye. Alipofika Dar, mjomba wake Augustino Malaba, naye mchongaji, alimwingiza Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii alichokianzisha Sista Jean Pruitt mwaka 1972. Aliingia kama mlinzi wa usiku! Mwaka 1978 kazi za huyo mlinzi zilikuwa zikitazamwa Washington. Vinyago vya mashetani vilikuwepo kabla yake, tangu miaka ya 50, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa wa mwanzo. Lilanga aliwatoa kwenye mpingo mweusi akawavika rangi ya mafuta.

Sasa hilo neno. Kwetu shetani si lazima awe Ibilisi wa kwenye Biblia. Hata huko pwani mtu akisema "fulani ana shetani", maana yake kapandwa na pepo: atapigiwa ngoma, ataulizwa anataka nini, atapewa, yataisha. Wamo wabaya, wamo wa mzaha tu. Bibi yangu alitutisha kwa shetani aitwaye Nandenga tukichelewa kurudi kisimani, na bibi huyohuyo hakukosa Misa. Baba alichonga mashetani siku sita za wiki. Jumamosi jioni anawapiga kiwi nyeusi wang'ae, halafu kopo lilelile anapigia viatu vya kanisani. Sikuwahi kumwona akisita kati ya kinyago na kiatu.

Igeuze hiyo picha uitazame taratibu. Wanafanya nini?

MtuWaKeko:
Nimeigeuza. Mmoja ana ndoo kichwani. Mmoja kabeba mtoto mgongoni. Wawili kama wanasutana. Huyu wa kona kavaa kaptura.

MjukuuWaNewala:
Ibilisi gani huyo anayechota maji? Huo ni mtaa wako.

Mama Upendo:
Mimi nimeokoka, na maneno mengi hayanibadilishi. Msanii mwenyewe kawaita mashetani, mnataka mwenzenu awaiteje? Kaka, mkeo ndiye anayelala na huyo mtoto. Usigombane naye kwa ajili ya ubao. Kampe ndugu asiye na hofu.

FundiFremu:
Kumpa ndugu sawa, kuichoma hapana. Lilanga alikuwemo kwenye Africa Remix, maonyesho ya sanaa ya Afrika yaliyoanzia Düsseldorf, Ujerumani, 2004, na Jean Pigozzi, yule tajiri mkusanyaji wa sanaa ya Afrika, anazo kazi zake. Lakini usianze kuota pesa. Miaka ya mwisho mzee alikuwa na kisukari, akakatwa miguu, na kwenye karakana yake walikuwepo vijana na wajukuu wakimsaidia. Tangu afariki, jina lake limeandikwa hata pasipostahili. Kwa hiyo saini peke yake haitoshi. Angalia nyuma: risiti, mwandiko, muhuri, chochote kinachoonyesha ilinunuliwa wapi.

Halafu tafadhali usiisugue na tapentaini. Niliwahi kumsafishia mteja picha ya rangi ya mafuta, nikasugua kidogo tu, jicho zima likaja na kitambaa. Nililipa. Chukua brashi laini, pangusa vumbi, basi.

MtuWaKeko:
Nyuma kuna mwandiko wa marehemu kwa penseli: "N. ya Sanaa" na bei ambayo tarakimu zake zimefifia. Hakuna risiti.

Nimemwita mama watoto tukaitazama pamoja, nikamweleza ya Newala, mpaka ya kiwi. Kamwona yule mwenye tumbo, kasema, "Huyu ni mjomba wako kabisa." Kacheka sana. Kisha kaenda kuleta nyundo kaung'oa msumari. Picha iko nyuma ya kabati, imefungwa shuka, mpaka mchungaji aondoke. Ya Jumatatu bado tunajadiliana.